Mwaka wa Tatu: Kwa Nini Sanduku Letu Halikuingia Duarani



Wapo wenzetu waliosema habari za mwaka wetu wa tatu, mwaka wa ugomvi, zisiandikwe humu. Sisi tumeona ziandikwe.

Mwenye duara mmoja upande wa Geita alitaka pesa zetu zote. Tumnunulie matimba, pampu ya maji na chakula cha wachimbaji, naye atupe mgao wa mifuko ya mawe. Wengi tulikwisha kubali. Akasimama mama mmoja ambaye mwaka 1996 alikuwa Bulyanhulu, wilaya ya Kahama wakati ule, akiwauzia wachimbaji chakula. Mwaka huo serikali iliamuru wachimbaji wadogo waondoke, na mashimo yakafukiwa. Mgodi mkubwa ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Akasema: mwenye mahindi na sufuria alivibeba kichwani akaenda zake. Aliyeweka pesa yake kwenye matimba, yamebaki chini huko mpaka leo.

Hapo tukakumbuka ngitili. Sisi Wasukuma tangu zamani hufunga kipande cha malisho wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi kikikaza nyasi ziwepo. Kiangazi kikiwa chepesi hujapoteza kitu kikubwa, mwakani unaamua vingine. Lakini miti iliyofyekwa Usukumani enzi za Mwingereza ili kuwamaliza mbung'o, hiyo haikurudishwa kwa kikao. Mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, watu walingoja miaka kuona kivuli tena.

Basi tukakubaliana, kwa kelele nyingi: sehemu tununue mpunga wakati wa mavuno, sehemu mbuzi, nyingine ikae sandukuni mpaka tuone duara lile linatoa nini.

Lilitoa! Dhahabu ilipatikana, wakagawana wengine. Wanachama wanne wakatutoka, na mmoja hatusalimii hadi sasa. Mpunga ulituletea faida ndogo, mbuzi wawili wakafa. Masika ya mwaka uliofuata duara likajaa maji, likaachwa. Ila waliopata walikwisha pata, kwa hiyo hatuwezi kujisifu kwamba tuliona mbali. Hatukuona chochote. Tulichagua tu vitu ambavyo tungeweza kuviuza.

Mwaka wa sita mwenzetu alihitaji upasuaji usiku. Asubuhi yake mbuzi tisa walikuwa mnadani, na kabla ya adhuhuri pesa ilifika hospitali.