Popo wa nyumbani na bustanini katika Ufipa

Popo wa nyumbani na bustanini katika Ufipa ni popo wanaolala katika mapaa ya nyumba, migomba na miti ya matunda, au wanaokuja kula humo usiku, katika uwanda wa juu wa Ufipa, Mkoa wa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Wakazi wa Chanji na kata nyingine za mji wa Sumbawanga huwaona hasa wakati wa magharibi, wanapotoka chini ya mabati au wanapozunguka juu ya mipera na miparachichi.

Popo si ndege. Ni mamalia wa oda Chiroptera: wana manyoya mwilini, huzaa na kunyonyesha. Ni mamalia pekee wanaoweza kuruka kwa kupiga mabawa. Duniani kuna spishi zaidi ya 1,400 za popo, takriban moja ya tano ya spishi zote za mamalia.

Kutambua aina ya popo kuna faida kwa mwenye nyumba. Popo aliye darini, aliye kwenye mpera na aliye kwenye jani la mgomba hawali chakula kimoja, hawaachi uchafu wa namna moja, na hawashughulikiwi kwa njia moja.

Mazingira

Uwanda wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko juu ya mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, karibu na milima ya Mbizi. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na miezi ya Juni na Julai ina usiku wa baridi kali.

Majira hayo huongoza maisha ya popo. Mvua za kwanza huleta kumbikumbi, nondo na mbawakawa, na hapo popo wanaokula wadudu huonekana kwa wingi. Wakati wa baridi wadudu hupungua. Popo wadogo huweza kushusha joto la mwili na kutulia kwa saa nyingi ili kuokoa nguvu, kwa hiyo paa lenye popo wengi mwezi Januari linaweza kuonekana kama tupu mwezi Julai.

Wakati na namna ya kutazama

Wakati mzuri ni dakika 15 hadi 45 baada ya jua kuzama. Sumbawanga jua huzama takriban nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam, kwa sababu mji uko mbali upande wa magharibi ilhali saa inayotumika ni ileile. Anayetazama akae mahali ambapo anga la magharibi linaonekana nyuma ya paa au mti, ili umbo la popo lijitokeze kwenye mwanga uliobaki.

Saa hiyo mbayuwayu nao huwa bado wanaruka. Mbayuwayu huteleza hewani bila kupiga mabawa kwa muda, ana mabawa yaliyochongoka na mkia unaoonekana wazi. Popo hupiga mabawa karibu muda wote na hukata kona ghafla.

Mambo ya kuandika ni haya:
- alipotokea: chini ya bati, ufa wa ukuta, mgomba au mti;
- urefu anaoruka: juu ya mapaa, usawa wa miti au karibu na ardhi;
- ukubwa wake ukilinganishwa na ndege anayejulikana, kama shomoro, njiwa au kunguru;
- sauti yoyote iliyosikika;
- mabaki yaliyopatikana chini asubuhi.

Kuhesabu wanaotoka darini, mtu mmoja hutazama tundu moja na kuweka alama kwa kila popo anayetoka, kisha hutoa idadi ya wanaorudi ndani. Ukirudiwa mara moja kila mwezi, uhesabuji huo huonyesha jinsi kundi linavyokua na kupungua katika mwaka. Wanafunzi wanaweza kuufanya shuleni bila kifaa chochote na bila kumgusa mnyama.

Popo wanaokula wadudu hutafuta njia na mawindo kwa kutoa sauti kali na kusikiliza mwangwi wake. Sauti nyingi kati ya hizo ziko juu ya kilohezi 20, kiwango ambacho sikio la binadamu halikivuki. Popo hata hivyo si vipofu: spishi zote zina macho yanayoona.

Popo wanaokula wadudu

- Popo mkia-huru mdogo (Mops pumilus) na popo mkia-huru wa Angola (Mops condylurus) ni wakazi wa kawaida wa mapaa ya mabati barani Afrika. Sehemu kubwa ya mkia imetokeza nje ya utando, kama mkia wa panya. Mabawa ni membamba na marefu. Huruka kasi, juu ya mapaa, kwa mstari ulionyooka kuliko popo wengine. Hutoka wengi kwa mfululizo na hupiga kelele darini kabla ya kutoka. Huvumilia joto kali la chini ya bati wakati wa mchana.
- Popo-nyumba tumbo-njano (Scotophilus dinganii) ana tumbo la rangi ya njano na mwili mnene, wenye uzito wa gramu 25 hivi. Hulala darini na katika matundu ya miti, na huanza kuwinda mapema jioni.
- Popo wa migomba (Afronycteris nana) ni mdogo sana, mwenye uzito wa gramu 3 hadi 4. Hulala ndani ya jani changa la mgomba ambalo bado limejikunja. Jani linapofunguka baada ya siku chache huhamia jingine. Vidole gumba vyake vina vibonge vinavyomsaidia kushika jani linaloteleza.
- Popo uso-ufa wa kawaida (Nycteris thebaica) ana masikio marefu sana na mkia unaoishia kwa umbo la herufi T. Huruka polepole karibu na ardhi. Usiku huning'inia barazani kula alichokamata, kwa hiyo asubuhi mabawa ya nondo na miguu ya panzi hukutwa sakafuni.

Popo wanaokula matunda

Popo wa matunda ni wa familia Pteropodidae. Wana macho makubwa, uso unaofanana na wa mbwa, na mkia mfupi sana au hawana kabisa.

- Popo mabega-meupe (jenasi Epomophorus) hulala kwenye miti yenye majani mengi, wachache pamoja. Chini ya kila sikio huwa na kishungi cha manyoya meupe. Dume ana manyoya meupe mabegani, ambayo huyafunua anapoita jike. Mwito wake ni mlio mmoja unaorudiwa kwa muda mrefu usiku, na wengi wanaousikia hudhani ni chura au ndege.
- Popo-matunda wa Misri (Rousettus aegyptiacus) hulala mapangoni na mahali pengine penye giza, kwa makundi makubwa. Bustanini huja usiku tu, kula. Tofauti na karibu popo wote wa familia yake, hutumia mwangwi, anaoupata kwa kugonga ulimi.
- Popo-matunda njano (Eidolon helvum) ni mkubwa kuliko wote waliotajwa: upana wa mabawa hufikia sm 76 na uzito gramu 350. Hulala kwenye miti mirefu kwa makundi makubwa na huhamahama kufuata matunda. Kati ya Oktoba na Desemba kila mwaka hukusanyika kwa mamilioni katika Hifadhi ya Taifa ya Kasanka, Zambia, takriban km 500 kusini mwa Sumbawanga. Popo waliofungwa vifaa vya satelaiti hapo walifuatiliwa kwa zaidi ya km 1,000 hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Alama wanazoacha

Kinyesi cha popo wa wadudu hufanana na cha panya, lakini kikisuguliwa kwa kijiti hubomoka kuwa vumbi lenye vipande vinavyong'aa vya maganda ya wadudu. Cha panya hubaki kigumu. Popo wa matunda huacha kinyesi cha majimaji chenye mbegu, pamoja na vibonge vya nyuzi za tunda vilivyotafunwa na kutemwa baada ya kunyonywa maji yake. Vibonge hivyo vikikutwa chini ya mpera, aliyekula ni popo.

Faida

Popo wa wadudu hula nondo, mbawakawa, kumbikumbi na wadudu wengine wanaoruka usiku. Baadhi ya nondo hao ni wazazi wa viwavi wanaoharibu mazao. Viwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda), wadudu wenye asili ya bara la Amerika, waliripotiwa Tanzania mwaka 2017, na Rukwa, mkoa unaotegemea mahindi, ulikuwa kati ya mikoa ya kwanza kupatwa. Nondo wa spishi hiyo huruka na kutaga usiku, saa zilezile popo wanapowinda.

Popo wa matunda hubeba mbegu za mikuyu na miti mingine ya porini na kuziangusha mbali na mti mama. Huchavusha pia maua yanayofunguka usiku, kama ya mbuyu. Kinyesi cha popo wa wadudu kina naitrojeni nyingi na hutumika kama mbolea.

Afya na usalama

Popo huweza kubeba virusi, kwa hiyo hutazamwa kwa macho na hashikwi kwa mikono mitupu. Popo aliyeanguka chini au anayeonekana mchana akishindwa kuruka anaweza kuwa mgonjwa, na watoto hawapaswi kumchezea.

Duniani, takriban asilimia 99 ya wagonjwa wa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa. Hata hivyo virusi vya jamii hiyohiyo vimepatikana kwa popo wa Afrika: virusi vya Lagos vilipatikana kwa popo-matunda njano nchini Nigeria mwaka 1956. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Popo-matunda wa Misri ndiye mwenyeji wa asili wa virusi vya Marburg. Tanzania ilitangaza mlipuko wa ugonjwa huo mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Kuingia katika mapango yenye popo hao ni hatari. Matunda yaliyong'atwa na popo hayaliwi.

Kinyesi kikavu kilichorundikana kinaweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu. Kabla ya kufagia, kinyesi hunyunyiziwa maji ili vumbi lisipae, na anayefagia hufunika pua na mdomo.

Kuwaondoa popo darini

Njia zinazotumiwa mara nyingi ni moshi, sumu au kuziba matundu mchana. Zote zina kasoro. Moshi huwatawanya popo hadi vyumbani. Sumu hufanya wafie darini na kunuka, na huongeza uwezekano wa watu na watoto kugusa popo wagonjwa. Kuziba mchana huwafungia ndani.

Njia salama ni kuning'iniza wavu au kitambaa chepesi mbele ya tundu, kikiwa kimefungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini. Popo hutambaa nje kupitia chini, lakini wakirudi hushindwa kuingia. Baada ya siku kadhaa, kukiwa hakuna anayetoka tena, tundu huzibwa kwa saruji, mbao au wavu wa chuma. Nafasi ndogo kati ya ukuta na bati inatosha kuwa mlango wao, kwa hiyo matundu yote hukaguliwa.

Jambo la muhimu zaidi ni majira. Popo mkia-huru mdogo huzaa mtoto mmoja kwa mara, na huweza kuzaa zaidi ya mara moja katika msimu mmoja wa mvua. Kazi hii ikifanywa wakati huo, mama hubaki nje na watoto wasioweza kuruka hufia darini. Kwa Ufipa, wakati unaofaa ni miezi mikavu ya Juni hadi Agosti, watoto wakiwa wameshaanza kuruka.

Imani na hifadhi

Jina la Sumbawanga hutafsiriwa mara nyingi kuwa "tupa uchawi", na katika sehemu nyingi za Tanzania popo, kama bundi, huhusishwa na uchawi kwa sababu hutoka usiku. Wengine huamini kwamba popo hujinasa katika nywele za watu. Kwa kweli popo anayepita karibu na kichwa huwa anafuata wadudu waliovutwa na mtu au taa.

Popo huzaa polepole, na kundi lililouawa huchukua miaka mingi kurudi. Popo wa Pemba (Pteropus voeltzkowi), anayepatikana kisiwani Pemba tu, aliorodheshwa mwaka 1996 kuwa hatarini sana kutoweka kwa sababu ya uwindaji na ukataji wa misitu. Wanavijiji walipounda klabu za kulinda miti anayolala, idadi yake iliongezeka, na baadaye alihamishiwa daraja la hatari ndogo kuliko lile la mwaka 1996. Katika Ufipa, popo wa mapaa na bustani hutegemea uamuzi wa kila kaya: kuacha mti wanamolala, au kusubiri miezi mikavu kabla ya kuziba paa.