Wachoraji wetu: tuwajue kwa majina

Kinoo, kama ilivyo Nairobi, gazeti moja likinunuliwa asubuhi hupita mikono mingi, na wengi huanzia kwenye kibonzo. Muulize msomaji Juha Kalulu ni nani, atacheka na kukuhadithia. Muulize nani aliyemchora, huenda asijibu. Ndiyo maana hapa tunawataja baadhi yao, kwani kazi isiyo na jina humpotezea mwenyewe heshima na riziki.

Juha Kalulu ni kazi ya Edward Gitau. Alianza kumchora katika miaka ya 1950, ukoloni ungalipo, kisha akaendelea kwa miongo mingi katika Taifa Leo. Kwa picha chache na maneno machache, hata asiyekimudu Kiswahili vyema aliweza kukifuata kisa.

Terry Hirst, mzaliwa wa Uingereza, alifika Kenya mwaka 1965. Mwaka 1973 yeye na mwanahabari Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe, lililompa sura mkaazi wa mjini mwenye kipato kidogo anayecheka ili asilie. Baadaye Hirst alishiriki kuleta Pichadithi, vitabu vya picha vya ngano za Kiafrika. Jina lenyewe limeunganisha picha na hadithi. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi kuwa kwao, alitupa Akokhan. Alifariki mwaka 2012 katika ajali ya matatu.

Kizazi kilichofuata kiliwakabili wakubwa. Paul Kelemba anajulikana kwa jina la Maddo. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alitoka Tanzania na kuanza kazi Daily Nation mwaka 1992; mwaka 2009 vikaragosi vyake vya XYZ Show vikaingia katika runinga. Celeste Wamiru ni miongoni mwa wanawake wachache waliojipenyeza katika uchoraji wa vibonzo vya siasa magazetini.

Sisi wa Pwani tusidhani kuipamba karasa ni sanaa ya bara tu. Huko Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19 mafundi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa nakshi na rangi. Vibonzo havikuwa, lakini jicho na subira ya mkono ni ile ile. Nao wengi wao hatuwajui kwa majina.

Hawa wa leo hatuna udhuru wa kuwasahau. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa msanii haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, na mchoro hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, kila siku picha hukatwa saini na kusambazwa kwenye WhatsApp kana kwamba imejichora yenyewe.

Basi, ndugu msomaji, ukituma kibonzo, usiikate saini. Mwalimu, ukisoma kitabu na watoto, wasomee jina la mchoraji pamoja na la mwandishi. Na mwenye magazeti ya zamani kabatini asiyafanye ya kufungia mandazi: pengine nakala hiyo ndiyo iliyobaki.