Elimo Njau: Mgeni aliyemchora Kristo Mwafrika mjini Murang'a

MSANII Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ndiye aliyechora picha tano kubwa zinazopamba kuta za Kanisa Kuu la St James mjini Murang'a.

Njau alizaliwa mwaka wa 1932 katika iliyokuwa Tanganyika. Alisomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda, chini ya Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa ya chuo hicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikabidhiwa kazi ya Murang'a, mji ambao wakoloni waliuita Fort Hall. Haikuwa kazi nyepesi. Kanisa hilo la Kianglikana lilijengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Nchi ingali chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na jamii ilikuwa imegawanyika: wengine walikuwa wamefiwa vijijini, wengine msituni na kizuizini.

Katika kuta hizo Njau alisimulia maisha ya Yesu: kuzaliwa, kubatizwa, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Yesu na wanafunzi wake ni Waafrika, na mandhari ni ya vilima vya Kenya ya kati. Wakati huo, waumini wengi walikuwa wamezoea picha za Yesu mzungu zilizoletwa na wamishenari. Muumini wa Murang'a sasa aliyaona mateso ya Kristo yakitukia katika ardhi yake mwenyewe, iliyokuwa bado na makaburi mapya.

Baadaye Njau alihudumu katika Kituo cha Utamaduni cha Chemchemi, Nairobi, kilichoanzishwa na mwandishi Ezekiel Mphahlele. Mwaka wa 1965, yeye, mkewe mwandishi Rebeka Njau na wenzao walianzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, miongoni mwa ya kwanza kumilikiwa na Waafrika jijini humo. Aliwahimiza wasanii chipukizi wasiige kazi za wengine, akiamini kuwa kuiga huua kipaji.

Moto uliteketeza kazi nyingi za Paa ya Paa mwaka wa 1997. Hasara hiyo iliongeza thamani ya picha za Murang'a, zilizochorwa ukutani mbali na jumba hilo.