Maji Matamu ya Likoni na Kisauni

Mkazi wa Kisauni, Mombasa, hakukosa maji. Alichokosa ni maji matamu. Ukichimba Mtopanga au Bombolulu utapata maji bila kwenda chini sana, kwa kuwa ardhi yenyewe ni mwamba wa matumbawe uliojaa matundu. Maji ya mvua hupenya na kutulia juu ya maji ya bahari, ambayo ni mazito zaidi. Wachotaji wakizidi, chumvi hupanda. Ndiyo maana nyumba nyingi za pwani hutenga maji mawili: ya kisima kwa kufulia na kuoshea vyombo, na ya kununua kwa kunywa na kupikia chai.

Serikali ya kikoloni ililijibu tatizo hilo kwa mabomba. Chemchemi za Marere, huko Shimba Hills, ziliunganishwa na mji wa Mombasa mapema katika karne ya 20. Mwaka 1957 likafuata bomba la Mzima, lililosafiri takriban kilomita 220 kutoka Tsavo hadi Mombasa. Baadaye vikaja visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, vinavyojaza matangi ya Nguu Tatu, na vile vya Tiwi kwa upande wa kusini. Hakuna hata chanzo kimoja kati ya hivyo kilichomo ndani ya Mombasa. Bara iligeuka kuwa njia ya maji ya watu wengine, na kila bomba linapopasuka huko mbali, ukame huonekana Likoni.

Nao watu walizidi kuongezeka. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi Changamwe mwaka 1963, bandari ikapanuka, na Magongo, Chaani na Mikindani zikajaa wapangaji. Pengo likazibwa na mkokoteni wenye mitungi ya lita 20, na kwa wenye uwezo, boza la maji.

Dawa ya chumvi ilikuwa ikitafutwa kwingine kabisa. Karibu na mwaka 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika chuo kikuu cha California huko Los Angeles, walitengeneza utando wenye ngozi nyembamba mno juu ya tabaka lenye matundu. Kwa kawaida maji huelekea kwenye chumvi. Utando huo uliwezesha kuyalazimisha yarudi nyuma kwa wingi wa kutosha kuwa na manufaa. Mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ukaanza kunywa maji ya namna hiyo. Siri yote ni nguvu ya pampu. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hudai kanieneo ya angahewa 55 hadi 70. Maji ya kisima cha chumvi hudai kanieneo ndogo kuliko hiyo, hivyo umeme wake ni nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo inayofanya mashine ndogo za kusafisha maji ya visima ziwezekane pale ambapo miradi mikubwa hukwama. Mwaka 2018 serikali ya kaunti, chini ya gavana Hassan Joho, ilitangaza mitambo miwili ya kusafisha maji ya bahari: mmoja wa mita za ujazo 100,000 kwa siku upande wa kaskazini, uliokabidhiwa kampuni ya Almar Water Solutions ya Uhispania, na mwingine wa 30,000 Likoni. Joho alipoondoka madarakani mwaka 2022, hakuna uliokuwa umejengwa. Si ajabu: mtambo wa ukubwa huo hutaka mnunuzi wa uhakika wa maji, na bili ya umeme isiyolala.

Shirika la GivePower la Marekani lilianza na kidogo. Mwaka 2018 lilifunga mtambo wa nishati ya jua Kiunga, Lamu, kisha likaleta mwingine Likoni. Hapo jua hupunguza gharama ya pampu, na maji hayahitaji bomba la kilomita 200.

Lakini utando hauiondoi chumvi duniani. Kwa kila lita inayopita, kuna nyingine inayobaki nyuma ikiwa na chumvi zaidi, nayo lazima imwagwe mahali. Mtambo wa pwani unaweza kuirudisha baharini kwa bomba. Mwenye mashine mtaani Kisauni, akiimwaga kwenye shimo la uani, anairudisha katika mwamba uleule ambamo jirani yake anachota.