Tabora, Mji Uliobebwa Mabegani

Tabora haina bahari, haina ziwa, wala haina mto wa kutegemewa mwaka mzima. Imekaa katikati ya miombo ya Unyamwezi, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, katika nchi ya msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja mambo makubwa ya Tanganyika yalipita hapo: pembe za ndovu, mateka wa utumwa, wapelelezi wa Kizungu, jeshi la Wajerumani, jeshi la Wabelgiji, reli, na mwishowe chama cha TANU. Sababu yake ni njia. Safari iliyotoka Bagamoyo ilipanda Usagara, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, nchi ya Tabora, na hapo njia ikagawanyika. Wa magharibi walikwenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Wa kaskazini walielekea Karagwe na Buganda. Wa kusini walishika njia ya Ufipa na Katanga.

Walioifungua njia hiyo ni Wanyamwezi wenyewe. Kabla wafanyabiashara wa pwani hawajathubutu kuingia bara, misafara ya Kinyamwezi ilikuwa tayari inateremka baharini na pembe, na kurudi na nguo na shanga. Nyuma ya biashara hiyo palikuwa na nyingine kongwe zaidi, ya chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma na shaba ya Katanga. Waarabu wa Omani na Waswahili walipoanza kupanda bara katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walifuata nyayo zilizokwisha kukanyagwa.

Upagazi ulikuwa kazi yenye heshima. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake mpagazi alibeba mkeka wake, chungu chake na chakula cha njiani. Mbele alitangulia kirongozi, amejipamba kwa nguo nyekundu na manyoya kichwani, akifuatwa na mpiga ngoma. Wanawake nao walisafiri, wakapika na kubeba. Njiani palikuwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, ya kulipa kwa watemi, hasa Ugogo, na baada ya Ugogo kulikuwa na Mgunda Mkali, nyika kavu ambako aliyekosa maji hakuwa na wa kumwomba. Ujira ulikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba. Wapagazi walijua thamani yao: wakizidishiwa mizigo au wakipunjwa posho, waliiweka mizigo chini na msafara mzima ukasimama. Masika yalipokaribia walitaka kuwa nyumbani, kwa sababu walikuwa wakulima, na shamba halikungoja.

Katika njia hiyohiyo walipita watu wasiokuwa na ujira wala hiari. Mateka kutoka Manyema na nchi za maziwa waliswagwa kuelekea pwani, na wengine waliachwa Unyanyembe kulima mashamba ya matajiri na kutumika majumbani mwao. Historia ya Tabora haiwezi kuandikwa kwa haki kama watu hao wataachwa nje.

Mwanzoni mwa miaka ya 1850 wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga makazi Kazeh, ndani ya himaya ya mtemi wa Unyanyembe. Wapelelezi Burton na Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 baada ya kuiacha pwani. Hapo palikuwa na tembe kubwa zenye nyua, bustani, na wenyeji kama Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu aliyewapokea kwa ukarimu, na Musa Mzuri, Mhindi aliyefanya biashara bara kwa miaka mingi. Makazi hayo, pamoja na Kwihara na vitongoji vya jirani, ndiyo yaliyokua yakawa Tabora.

Swali la nani aitawale njia halikuchelewa kuleta damu. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe, aliyemrithi Fundikira mwishoni mwa miaka ya 1850, aliwatoza wafanyabiashara wa pwani ushuru wa bidhaa. Wageni hao wakamwondoa, wakamtawaza Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akaingia porini na kupigana kwa miaka kadhaa, akiikata njia ya misafara, hadi alipouawa mwaka 1865. Baada yake aliinuka Mirambo wa Urambo. Kwa askari wake wa rugaruga na bunduki alizozikusanya, alijenga dola iliyoikaba njia ya Ujiji, na mwezi Agosti 1871 aliushambulia mji wenyewe na kuteketeza sehemu yake. Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuwa njiani kumtafuta mpelelezi Livingstone, aliingia vita hivyo upande wa Waarabu, akashindwa pamoja nao, na ikambidi azunguke kusini ili afike Ujiji. Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake haikudumu bila yeye.

Baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walifika pamoja Kwihara mwezi Februari 1872. Stanley akaendelea pwani. Livingstone akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Alipofia Chitambo mwaka uliofuata, waliomleta pwani walikuwa watumishi wake Susi, Chuma na wenzao, na walipita Unyanyembe na maiti yake kabla ya kuifikisha Bagamoyo mwaka 1874. Tembe walimokaa Kwihara leo ni makumbusho yanayotajwa kwa jina la Livingstone.

Bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora mwaka 1890. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuikubali. Alikuwa na ngome imara, na mashambulizi ya mwaka 1892 hayakuivunja. Januari 1893 kikosi cha afisa wa Kijerumani Tom von Prince kiliibomoa. Isike alipoona adui wameingia, aliliwasha ghala lake la baruti ajilipue pamoja na jamaa zake badala ya kukamatwa.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyowachukua wapagazi miezi ikawa ya siku chache, na kazi iliyolea vizazi vya Wanyamwezi ikafa. Miguu ile haikutulia, hata hivyo. Wengi waliijenga reli yenyewe. Wengine, wakisukumwa na kodi, walishika njia ya mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako jina la Mnyamwezi likawa sawa na la mtu wa kazi.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia viliipa Tabora cheo isichokiomba. Wajerumani walipokuwa wakipoteza kaskazini na pwani mwaka 1916, makao ya serikali yao yalihamia hapo. Fedha ilipokuwa adimu, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu, na kwa dhahabu ya Sekenke zikapigwa sarafu za rupia 15, zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Zilitoka zaidi ya 16,000, na leo wakusanyaji wa sarafu duniani huzinunua kwa bei kubwa. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur wa Ubelgiji, waliingia mjini. Tombeur baadaye alipewa ubaroni, na jina la Tabora likaongezwa kwenye jina lake. Wapagazi waliobeba risasi na chakula cha majeshi yote katika vita hivyo walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi.

Chini ya Waingereza mji ulizidi kuwa njia panda: tawi la reli la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Serikali ikafungua shule ya wavulana iliyokusudiwa kwanza watoto wa machifu. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942, na alipotoka Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Maria, 1946 hadi 1949. Rashidi Kawawa naye alikuwa mwanafunzi wa Tabora. Shule iliyotarajiwa kutoa wasaidizi wa ukoloni ilitoa walioumaliza.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kwa masharti ya elimu na kipato yaliyowafungia nje wananchi wengi. Wajumbe wengi walitaka kususa. Nyerere, kiongozi wao, aliwashawishi waingie, na kauli yao ikabaki na jina la Uamuzi wa Busara. Mwanachama Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuanzisha chama cha African National Congress. TANU ilishinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na njia ya uhuru ikafunguka.

Baada ya uhuru Tabora iliona nguvu ikihamia kwingine. Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe aliingia baraza la kwanza la mawaziri akiwa Waziri wa Sheria, akajiuzulu mwaka 1963, mwaka ambao utawala wa machifu ulifutwa. Mji umebaki na miembe yake mikubwa, asali ya miombo, chuo cha nyuki, chuo cha reli, na tumbaku ya Urambo na Kaliua inayolipa vizuri huku ikila misitu kwa kuni za kukaushia. Sokoni bado kuna michembe na matobolwa, viazi vikavu vilivyofaa msafiri wa zamani kama vinavyomfaa mwanafunzi wa leo. Maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa kwa bomba, na reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuelekea Tabora.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya misafara katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, na Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Hatua hiyo ni njema, lakini mgeni anayefika Kwihara huoneshwa zaidi habari za Livingstone kuliko za waliombeba. Wizara yenye dhamana ya mambo ya kale, halmashauri na shule za Tabora zina kazi hapa. Wazee wa Ipuli, Itetemia na Kwihara bado wana habari walizosimuliwa na baba na babu zao, za safari, za Isike, za reli na za mkonge. Walimu wawatume wanafunzi wakazirekodi na kuziandika sasa, na makumbusho yawape wapagazi chumba chao.