Mti wa Chitambo na mkono uliouchonga

Mei Mosi kwetu ni siku ya wafanyakazi, siku ya maandamano na mabango. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alfajiri ya siku hiyo, mwaka 1873, David Livingstone alikutwa amekufa kibandani kwake, amepiga magoti kando ya kitanda. Ilikuwa katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Maisha yake, safari zake na kukutana kwake na Stanley pale Ujiji tulifundishwa shuleni. Makala haya yanauhusu mti.

Zanzibar, ndani ya Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, umo msalaba wa mbao. Umetengenezwa kwa mti uliokuwa umesimama mahali ulipozikwa moyo wa Livingstone. Watalii hupita, hupiga picha, huendelea na safari. Kanisa lenyewe lilijengwa penye soko la watumwa ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873, mwezi mmoja hivi tu baada ya kifo hicho, na Askofu Edward Steere aliyesimamia ujenzi wa kanisa amelala nyuma ya madhabahu. Hayo yameandikwa vitabuni mara nyingi. Mti unatajwa kwa sentensi moja.

Majumbani mwetu jambo hili la kutunza mbao ya marehemu tunalijua vizuri. Mzee akishazikwa na arobaini ikapita, hubaki kitanda chake cha mninga, kasha la bibi lenye misumari ya shaba, au kiti ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia. Warithi ni wengi na kitanda ni kimoja. Basi huitwa fundi, kitanda kikavunjwa, na mbao zake zikatoka fremu za picha, visanduku, marfaa ya kusomea msahafu, kila mtoto akapata chake. Mbao ya marehemu haitupwi. Walioongozana na Livingstone walijua hivyo tangu siku ile ile, wala hawakusubiri kuagizwa na mtu.

Habari za siku zile zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kitabu cha mwaka 1874 kilichohaririwa na Mchungaji Horace Waller, ambacho sehemu yake ya mwisho imetokana na masimulizi ya Abdullah Susi na James Chuma walipopelekwa Uingereza. Ya pili ni shajara ya Jacob Wainwright, kijana Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Yeye alikuwa ameungana na msafara mwaka mmoja tu kabla, kwenye kundi lililotumwa na Stanley. Waller ndiye anayenukuliwa siku zote. Mimi namwamini zaidi Jacob, kwa sababu aliandika palepale, kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi waliyoifanya wale watu inastahili kuelezwa taratibu. Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Zanzibar, aliupasua mwili. Moyo na matumbo vilitiwa ndani ya kopo la bati lililokuwa la unga, vikafukiwa chini ya mpundu, mti wa jamii ya mbula tunaoufahamu huku kwetu. Jacob akasoma sala ya mazishi. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani wiki mbili, miguu ikakunjwa magotini ili mzigo ufupike. Ukafungwa kwa kitambaa cha kaliko, kisha ukatiwa ndani ya gamba la mti lililobanduliwa likiwa zima, na juu yake ukashonewa tanga.

Kabla ya kuondoka, Jacob alichukua kisu akachonga maandishi kwenye shina la mpundu. Jirani yake wakasimamisha nguzo mbili nene zenye boriti juu, mfano wa kizingiti cha mlango, wakazipaka lami zisiliwe na wadudu. Wakamwomba chifu Chitambo asafishe majani pale, moto wa nyika usije ukaunguza mti. Wakamwachia na bati kubwa la biskuti na magazeti, ili atakayekuja baadaye aamini kwamba Mzungu aliishi hapo.

Safari ya kwenda pwani ilichukua takriban miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,500, na baadhi ya wabebaji walikufa njiani. Lakini kisa kikubwa kilitokea Tabora na mbele yake kidogo.

Oktoba 1873 walimkuta Tabora Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike hapohapo, kwamba njia iliyobaki ni ya hatari na watu hawapendi maiti ipite kwao. Walikataa. Afisa wa Kiingereza anasema azikwe, watu waliokuwa wakiitwa watumishi wanasema bwana wao atarudi kwao kwao, na neno lao ndilo lililosimama. Cameron aliishia kuchukua vyombo vya kupimia vya marehemu.

Hofu yake, hata hivyo, haikuwa bure. Walipokaribia Kasekera habari zilienea kwamba msafara umebeba maiti, na wenyeji wakafunga njia. Wabebaji wakafanya shauri. Wakatangaza kwamba wamekubali kumrudisha marehemu Tabora akazikwe. Wakakata mabua ya mtama urefu wa mtu, wakayafunga na kuyavika sanda, na kundi la watu likayachukua kurudi nyuma kwa majonzi kama msiba wa kweli. Usiku, mbali na macho ya watu, wakayatawanya mabua vichakani na kurejea kwa wenzao kwa kujificha. Huku nyuma mwili wenyewe ulivuliwa lile gamba la mti, ukafungwa upya ukafanana na robota la nguo, ukapita Kasekera kama bidhaa za mfanyabiashara yeyote.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Hapo kaimu balozi wa Uingereza aliupokea mwili, akawalipa mishahara yao, na kazi yao ikahesabiwa imekwisha. Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Kati ya wote waliombeba, aliyekuwepo kaburini ni Jacob peke yake. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yakiwa yameshapita.

Ugomvi ninaouona mimi umo katika maandishi ya mti. Waller anasema Jacob aliambiwa achonge jina la Livingstone na tarehe ya kifo, basi. Jacob alichonga zaidi ya hapo. Aliandika jina la daktari, tarehe ya Mei 4, 1873, tofauti na Mei Mosi ya vitabuni, na chini yake majina matatu: Yazuza, Mniasere na Uchopere. Hao walikuwa viongozi wa msafara. Mniasere ndiye Manua Sera, na Uchopere ndiye Chaupereh, ambao wote wawili baadaye walikuwa manahodha wa msafara mkubwa wa Stanley wa 1874 hadi 1877. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ule mti haukuwa wa Livingstone peke yake. Ulikuwa hati ya watu wake, na walitaka ijulikane nani alisimamia. Kitabu kilichosomwa na dunia nzima kiliwaacha wale watatu nje ya maelezo ya mti, na sifa zote zikaenda kwa Susi na Chuma. Wawili hao walistahili sifa. Wenzao pia walistahili.

Mwaka 1899 Robert Codrington, ofisa wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala eneo hilo, aliukuta mpundu unaoza na kuliwa na wadudu. Ukakatwa. Kipande cha shina chenye maandishi kilipelekwa kwa Royal Geographical Society, London, na hadi leo kimehifadhiwa huko. Mwaka 1902 mnara ulijengwa mahali pake.

Miaka iliyofuata haina mengi. Shajara ya Jacob, iliyokuwa imetoka kwa Kijerumani mwaka 1874, ilikaa kimya zaidi ya karne. Mwaka 2019 mwandishi wa Zimbabwe, Petina Gappah, alitoa riwaya ambayo Jacob na mpishi Halima ndio wasimulizi, na watu wakaanza kuuliza upya.

Jacob Wainwright alifia Urambo, mkoani Tabora, mwaka 1892. Ombi langu kwa wenye dhamana ya Mkunazini, na kwa kila mwongozaji anayesimama na wageni mbele ya msalaba ule, ni dogo: mtajeni kwa jina, pamoja na Manua Sera, Chaupereh na Yazuza. Nawe uliyerithi fremu iliyotoka kwenye kitanda cha babu, igeuze leo, uandike nyuma yake kitanda kilikuwa cha nani, kilivunjwa mwaka gani, na fundi aliitwa nani.