Habari za Songo Mnara, na Jinsi Ardhi Yake Ilivyopimwa

Nalipokuwa mtoto nalichunga mbuzi mahali palipokuwa na boma la babu yangu. Nyumba haikuwako tena, wala nguzo, wala mafiga. Lakini kila masika yalipokwisha majani yaliota hapo kwa rangi ya kijani iliyokoza, yakafanya duara. Mama yangu akatuambia, "Hapa palikuwa zizi." Ng'ombe walikuwa wamekufa zamani, bali samadi yao ilikuwa ingali chini. Nimeikumbuka habari hii kwa sababu wajuzi wa mambo ya kale hufanya kazi kwa njia iyo hiyo, ila wao hupenda kutazama kutoka juu.

Mwaka 1925 rubani mmoja Mwingereza, jina lake Gilbert Insall, aliruka kwa eropleni karibu na Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale ya Uingereza. Akaona shambani duara ambalo apitaye kwa miguu asingeweza kulitambua. Mwaka uliofuata ngano ilipokua, madoadoa yakaonekana waziwazi, kwa kuwa mabua yaliyoota juu ya mashimo ya kale yalistawi kuliko mengine. Walipochimba wakakuta mashimo ya nguzo za miti, duara ndani ya duara. Nguzo zenyewe zilikuwa zimekwisha kuoza, maana zilisimamishwa miaka zaidi ya 4000 iliyopita. Mahali hapo paitwa Woodhenge.

Sasa turudi pwani yetu, ambako nguzo za miti na udongo zilikuwa nyingi kuliko kuta za mawe. Kusini ya Kilwa Kisiwani kiko kisiwa cha Songo Mnara. Mji wake ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, ukaachwa katika karne ya 16. Magofu yake yaonekana hata leo: majumba zaidi ya arobaini ya mawe ya matumbawe, misikiti, makaburi, na ukuta wa mji. Peter Garlake alichora ramani za majumba hayo, akazichapa katika kitabu chake cha mwaka 1966, na tangu hapo watu wamesifu vyumba, vidaka na milango yake. Lakini katikati ya mji mna uwanja mpana, na upande wa magharibi mna nafasi nyingine isiyo na gofu hata moja. Katika ramani sehemu hizo zilikuwa karatasi nyeupe tu.

Hapo ndipo ilipo shida. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti. Wasomaji wa siku za baadaye, wakiutazama msikiti mkubwa wa mawe, walistaajabia maneno yake. Nami nauliza: je, huenda aliziona nyumba ambazo sisi hatuzioni tena?

Kumtafuta mwenye nyumba ya udongo kwa picha za kutoka juu ni vigumu kisiwani, kwa maana vichaka na miti hufunika nchi. Basi kati ya mwaka 2009 na 2013, wajuzi wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walifanya kazi huko, na upimaji wa ardhi ukawa chini ya Kate Welham wa Chuo Kikuu cha Bournemouth. Walitumia vyombo vya sumaku na vya umeme. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu mwingi. Nchi hugawanywa kwa kamba kuwa miraba, kisha mtu hutembea na chombo kwa mstari ulionyoka, huenda na kurudi, hatua zake zikiwa sawasawa. Asichukue ufunguo, wala mshipi wenye kifungo cha chuma, wala viatu vyenye misumari. La sivyo chombo kitampima yeye badala ya ardhi.

Hupima nini? Katika udongo mna chembe za chuma. Udongo ukichomwa sana, kama katika jiko, chembe hizo hushika nguvu ya sumaku, na baada ya kupoa hubaki nayo kwa karne nyingi. Matumbawe hayana nguvu hiyo ila kidogo mno; kwa hiyo juu ya nchi ya matumbawe jiko la kale huonekana kama taa gizani. Chombo cha umeme nacho huonyesha mahali ambapo udongo hupitisha umeme zaidi au kidogo.

Ile karatasi nyeupe ikajaa alama. Wakachimba mashimo machache ili kuhakikisha, wakakuta mabaki ya nyumba za fito zilizokandikwa udongo, ndani ya ukuta ule ule wa mji, karibu na majumba ya mawe. Chombo hakitaji jina la mtu, wala hakisemi kama alikuwa mtumishi, fundi au jamaa wa tajiri. Husema tu kwamba watu walikaa hapa. Nakiri kwamba jambo hili lilinifurahisha kuliko vidaka vyote, maana nami nalizaliwa katika nyumba ya kukandikwa.

Huku kwetu mtu akionekana na chombo porini, watu hunong'ona kwamba anatafuta rupia za Wajerumani, na usiku wengine huja na majembe. Ole wa mahali hapo! Mchimbaji wa namna hiyo huvuruga tabaka za udongo, na zikivurugika hapana chombo kiwezacho kuzipanga tena. Katika jumba moja la Songo Mnara ilikutwa kweli akiba ya sarafu zaidi ya 300. Zote zilikuwa za shaba.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya mahali penye hatari, kwa sababu mvua na bahari zilikuwa zikiziangusha kuta. Yakatolewa humo mwaka 2014, baada ya matengenezo. Nyumba za udongo hazina ukuta wa kutengenezwa. Zimo chini ya majani, nazo ni kama kiganja kimoja tu kwenda chini.